Moto wa Zizi la Shibuda

“Anayetaka kwenda Mwanza kutafuta kazi na aende, nauli asiniombe mimi! Vijana wa Nyakahura nitawaajiri hapa hapa, na mshahara wao utatoka chini ya mkia wa ng'ombe!”

Hayo aliyasema Evaristi mwezi wa Aprili, mwaka 1977, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, amesimama juu ya benchi ili hata waliokaa nyuma wamsikie. Walimsikia. Watu mia mbili na ushee walimsikia, na kwa miaka iliyofuata hakuna hata mmoja wao aliyepata bahati ya kusahau.

Evaristi alikuwa Msubi wa upande wa Nyantakara, fundi mwashi aliyejifunza kupanga matofali kwenye majengo ya misheni. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, aliletwa Nyakahura kando ya barabara pamoja na mkewe, watoto wawili na kuku waliokubali kukamatwa. Kule alikotoka aliacha nyumba ya bati. Hapa alipokewa na vijiti vinne vilivyochomekwa ardhini, na namba. Hakulalamika sana. Alijenga, akawajengea na wengine, na kwa kuwa alikuwa anajua kusoma, jina lake likaanza kutajwa ofisini.

Ndipo wilaya ikatafuta mwashi anayejua kusoma ili apelekwe Arusha kwa kozi ya miezi mitatu. Nyakahura walikuwepo wawili wa aina hiyo. Wa pili alikuwa shemeji wa mwenyekiti, na nafasi ilikuwa yake kabisa, ila aliambiwa kwamba Arusha kuna baridi, akasema kifua chake hakipendi kozi. Akaenda Evaristi. Alirudi na cheti, futi ya chuma inayojikunja yenyewe, na neno moja jipya: kitaalamu.

“Kitaalamu, chai hii ina sukari kidogo,” alimwambia mkewe asubuhi ya kwanza.

Mkewe, Deodata, alikuwa Mhangaza wa Murusagamba, na kwao mtu hajibiwi kwa kelele. “Kitaalamu, baba Laurian,” akasema, “sukari imekwisha.”

Alichokuwa amejifunza Evaristi ni kuwasha moto kwa samadi. Unachimba shimo la mviringo, unalijengea kwa matofali, unachanganya mavi mabichi ya ng'ombe na maji, debe kwa debe, unamimina, halafu unafunika kwa pipa kubwa la chuma lililopinduliwa. Uji ule unaoza humo ndani, unatoa gesi, gesi inalinyanyua pipa, na ukiipitisha kwenye bomba inawaka kama mafuta ya taa, bila moshi na bila kwenda dukani. Wazee walimsikiliza kwa adabu. Shibuda, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na kundi lake, alisema yeye amelala karibu na mavi ya ng'ombe miaka hamsini na hajawahi kuona hata cheche.

“Kwa sababu hukufunika, baba,” alijibu Evaristi.

“Nilifunika. Nililalia.”

Watu walicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Bwana Mipango wa wilaya alikuwa amekuja mwenyewe kulieleza, na alilieleza kwa ufupi. Wilaya ilikuwa na karakana moja ya kugawa. Kama moto wa samadi utawaka kwenye zahanati ya Nyakahura siku atakayokuja kukagua, karakana itajengwa Nyakahura: vijana wanane wataajiriwa kwa mshahara wa mwezi kujenga mashimo kama hayo Biharamulo nzima na Ngara nzima, na Evaristi atakuwa msimamizi wao. Kama hauwaki, karakana itakwenda kijiji kingine.

“Nikiuona kwa macho yangu,” alisema Bwana Mipango, akagusa jicho moja, kama vile wanakijiji hawajui macho yako wapi.

Vijana wanane walijiandikisha siku ile ile. Walikubali kufanya kazi bure mpaka moto uwake. Hesabu yao ilikuwa rahisi: kazi ya mshahara iliyokuwa karibu zaidi iko Mwanza, na Mwanza kulikuwa na watu wa Mwanza.

Likabaki swali la wapi kuchimba. Mwenyekiti wa kijiji, Anatoli, alisimama akasema shimo litakwenda kwenye zizi la mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, kwa hiyo wafugaji wataje. Kumwuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi mbele ya mtu mwenye kalamu ni kama kumwuliza ana nguo ngapi za ndani. Mzee Kazimili ndiye aliyeanza, akasema anao kumi na wawili, akakaa haraka. Halafu akaongeza akiwa ameshakaa:

“Au mpelekeeni Shibuda! Si anao sita, na mmoja mgonjwa?”

Hapo watu walikaribia kuanguka kwa kicheko. Kwa miaka yote, kila afisa aliyemwuliza Shibuda idadi ya ng'ombe wake alijibiwa sita, na mmoja mgonjwa. Maafisa walibadilika, magari yalibadilika, yule mgonjwa hakupona wala hakufa.

Shibuda alisimama polepole, akatema mate pembeni.

“Arobaini na mmoja,” alisema.

Mkewe, Nshoma, alijiziba mdomo kwa kanga. Evaristi aliandika 41 kwenye daftari lake la kozi. Katibu wa kijiji, aliyekaa mezani na daftari la kijiji, naye akaandika 41, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika.

Shimo likachimbwa nyuma ya zizi la Shibuda, kwa vipimo vya ng'ombe arobaini. Lilikuwa shimo la heshima. Mtu akiingia na ngazi akasimama chini, wa juu walimwona utosi tu. Vijana wanane walichimba, wakafyatua matofali, wakachoma; Evaristi alijenga akizunguka na futi yake, akipima hata mahali ambapo ameshapima. Pipa la chuma lilitoka Mwanza kwa lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, na siku lilipofika watoto walifikiri ni nyumba ya mzungu mfupi. Kutoka shimoni hadi zahanati zilikuwa hatua mia mbili, na bomba likafukiwa ardhini hatua zote hizo. Muuguzi wa zahanati, Bernadetha, alikuwa na jiko tayari, ameliweka chini ya sufuria yake ya kuchemshia sindano, akawa analifuta vumbi kila asubuhi ingawa halikuwa limeunganishwa na chochote.

Kazi ile ilimaliza mwaka. Ikafika siku ya kujaza. Vijana walijipanga alfajiri na madebe, wakaingia zizini, wakatoka na madebe saba na nusu. Evaristi akangoja. Kulipopambazuka vizuri aliingia mwenyewe, akahesabu. Ng'ombe walikuwa tisa.

“Shikamoo, baba,” alimwambia Shibuda.

“Marahaba, fundi. Umeamkaje?”

“Salama. Wengine wameshakwenda malishoni?”

“Wengine wapi?”

“Arobaini na mmoja toa tisa.”

“Aa, hao,” alisema Shibuda. “Hao wanalala kwa watu.”

“Kwa watu gani? Si ng'ombe wako?”

“Wangu kabisa. Ninawajua mmoja mmoja, na mama zao. Lakini wanalala kwa watu. Wanne kwa yule mama Rozalia, watatu kule bondeni, watano karibu na Nyantakara. Wako nyumba kumi na moja. Kwani kwenu ng'ombe wote wanalala mahali pamoja?”

“Kwetu mtu akiwa na ng'ombe anakuwa na wawili, baba. Hawana mahali pengine pa kulala.”

Shibuda alimhurumia, ikaonekana. Akamweleza kama anavyoelezwa mtoto. Porini, upande wa hifadhi, kuna mbung'o. Akishuka upande huu, ng'ombe wa upande huu wanakwisha, lakini wa upande ule wanabaki. Kwa hiyo mwenye akili anawaweka kwa marafiki. Rafiki anakamua maziwa, anatumia samadi. Ndama ni wa mwenyewe. Hivyo ndivyo baba yake alivyofanya, na ndiyo maana Shibuda hajawahi kuwa maskini wa siku moja.

“Na mavi?” aliuliza Evaristi. Hakuweza kusema samadi, wala kitaalamu. “Mavi ni ya nani?”

“Ng'ombe ana mwenyewe,” alisema Shibuda. “Mavi ni ya zizi.”

Shimo la ng'ombe arobaini lilikuwa limepewa ng'ombe tisa. Ni kama kumpa mtu mzima uji wa kijiko. Evaristi alikaa ukingoni, vijana wanane wakakaa pembeni yake, miguu inaning'inia, na kwa mara ya kwanza tangu Arusha hakupima kitu. Kosa lilikuwa lake na alilijua. Aliuliza wangapi, hakuuliza wanalala wapi. Kwenye kozi hakuna aliyewafundisha kuuliza, kwa sababu mwalimu alikuwa mtu wa ng'ombe wa maziwa, wale wanaofungiwa kwenye banda na kuletewa majani kama wagonjwa.

Akaanza kutembea. Alimwendea Rozalia, mjane aliyekuwa na ng'ombe wanne wa Shibuda na migomba iliyonona kuliko yote barabara ile. Rozalia alimsikiliza akiwa ameshika jembe, asiliweke chini.

“Maziwa nimepewa, samadi nimepewa, ndama ni wake,” alisema. “Hayo ndiyo maneno tuliyoagana. Sasa wewe umetumwa kunipunguzia maneno?”

“Sijatumwa, mama. Nakuomba. Utanipa mbichi, na ikishatoa gesi nakurudishia, debe kwa debe. Inarudi nzuri kuliko ilivyokuja.”

“Imeshatolewa moto ndani, halafu inarudi nzuri?”

“Kitaalamu—”

“Ugali ukishaliwa haurudi mzuri, mwanangu. Nimelea watoto saba, najua unavyorudi.”

Habari hiyo ilimtangulia barabarani. Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia mtu anadai mavi ya ng'ombe aliyemweka kwa rafiki. Ilikuwa kama kualikwa karamuni halafu kudaiwa mifupa. Akapewa jina la Bwana Mavi, na watoto waliokuwa wanamwamkia shikamoo fundi wakaanza kumwamkia shikamoo bwana, wakaishia hapo, wakacheka. Deodata alivumilia mambo mengi, ila siku mumewe alipokuja nyumbani na kikapu chenye mavi kwenye baiskeli ya kubebea unga wa watoto, alisema maneno ya Kihangaza ambayo Laurian alikatazwa kuyarudia.

Mwishowe watatu kati ya wale kumi na mmoja walikubali kutoa, si kila siku, na Rozalia akiwa mmojawapo, kwa sharti kwamba ng'ombe wakiharisha haleti. Miezi ikaenda. Oktoba 1978 pipa lilinyanyuka upana wa kiganja. Gesi ya kwanza haikuwaka, kwa sababu huwa haiwaki, na Evaristi akaiachia ipotee huku watu wakimwangalia jinsi anavyoachia upepo aliouhangaikia mwaka na nusu. Ya pili iliwaka. Bernadetha alichemsha sindano. Moto ulidumu nusu saa, ukazimika kabla mikono ya waliokuwa wanapiga makofi haijapoa.

“Ni moto wa kuonja,” alisema Bernadetha, si kwa ubaya.

Bwana Mipango akaandikiwa. Akajibu kwamba atakuja kukagua wiki ya kwanza ya Januari, na kwamba moto wa nusu saa si moto, ni kiberiti.

Halafu vita vikaja. Majeshi ya Idi Amin yalivuka Kagera, na mwezi wa Novemba barabara ya Nyakahura ikawa na magari kuliko watu. Mafuta ya taa yalitoweka madukani kabla ya chumvi, chumvi kabla ya sabuni. Vijana watatu kati ya wale wanane walikwenda na mgambo. Kila kijiji kilichangia wapiganaji chakula, na Nyakahura haikulazimishwa na mtu. Watu walitoa maharage, mihogo, kuku, na wenye ng'ombe walitoa ng'ombe. Kamati ya michango ilikubaliana mmoja kwa kumi, ambalo lilikuwa jambo la haki. Katibu akafungua daftari. Kazimili, kumi na wawili: mmoja. Shibuda, arobaini na mmoja: wanne.

Shibuda hakubisha. Alisema watoto wa watu wanakwenda kufa, ng'ombe ni nini. Ila lori lilikuwa linangoja barabarani na dereva amewasha injini, na hakukuwa na muda wa kuzunguka nyumba kumi na moja. Wakachukuliwa wanne kati ya wale tisa waliokuwepo. Wakabaki watano. Siku ile pipa la chuma lilishuka mpaka likakaa juu ya uji kama kofia ya mlevi.

Kilichofuata Evaristi hakukitarajia, wala Shibuda. Watu wote waliokuwa na ng'ombe wa Shibuda walisikia kwamba idadi yake iko kwenye daftari, na daftari linatembea. Siku ya tatu Rozalia alifika asubuhi, akiswaga wanne.

“Pokea ng'ombe wako, baba,” alisema. “Mimi nilipewa kutunza. Sikupewa kuandikwa.”

“Nani kakuandika, mama Rozalia?”

“Bado. Nami sitaki kuwepo siku hiyo.”

Kufikia Jumapili nyumba zote kumi na moja zilikuwa zimerudisha. Ng'ombe thelathini na saba walikuwa wamesimama kwenye zizi moja, wakikanyagana na kunusana kama ndugu waliokutana msibani. Nshoma hakuwa na vyombo vya kukamulia. Shibuda aliwatazama kutwa nzima akiwa ameegemea fimbo, na hakuna aliyemwona akitabasamu.

Evaristi alitabasamu kwa niaba ya wote. Mwanzoni mwa Desemba shimo lilijaa mpaka ukingoni. Pipa lilinyanyuka usawa wa kifua, likawa linayumba kidogo, linanguruma. Moto wa zahanati uliwaka wa bluu, mwembamba, haukuvuma wala kutoa moshi, uliwaka asubuhi, ukawaka mchana, ukawaka jioni wakati nyumba nyingine zote barabarani hazina hata tone la mafuta ya taa. Bernadetha alichemsha sindano, akachemsha maji ya wazazi, akachemsha chai. Watu walikuja kuutazama tu. Kazimili aliuzunguka mara mbili, akapeleka kiganja, akakitoa, akasema kumbe unaunguza. Siku saba zikapita, zikapita nyingine saba. Wale vijana watano waliobaki walianza kutembea kama watu wenye mshahara. Bulugu, mtoto wa Shibuda, ambaye alikuwa mmoja wao, alipeleka posa nyumba moja ya jirani na haikukataliwa. Waliambiwa tu wasubiri karakana.

Wiki ya kwanza ya Januari kijiji kilifagiwa. Watoto wa shule walifundishwa wimbo. Deodata alichinja jogoo. Moto ukawaka kutwa nzima, siku sita mfululizo, na hakuna gari lililosimama. Yote yalikuwa yanakwenda mbele. Siku ya saba dereva mmoja alirusha barua dirishani. Bwana Mipango alisema magari ya wilaya yako vitani, ukaguzi utafanyika hali ikiruhusu, moto uendelee kuwaka.

Siku hiyo hiyo Shibuda alimwita Evaristi zizini.

“Fundi, kesho nawagawa.”

“Unawagawa akina nani, baba?”

“Hawa. Rozalia atakataa, lakini nitapata wengine, hata mbali. Ng'ombe hawakai hivi. Mvua imenyesha, majani yamepanda, nimeona mbung'o wawili kwenye shingo ya yule mweusi.”

“Wawili tu?”

“Wewe ulitaka waje na mwenyekiti wao?”

Evaristi aliinama, akashika udongo, akasimama. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na hajawahi kumwomba mtu kitu ambacho hajui bei yake.

“Baba, nakuomba. Ukiwagawa, moto unazimika. Moto ukizimika, akija hauoni. Asipouona, karakana inakwenda kwa wengine, na hawa watano wamenifanyia kazi karibu miaka miwili bila senti. Bulugu yumo. Wiki mbili tu. Watakuja.”

“Nani kakwambia watakuja?”

“Barua inasema hali ikiruhusu.”

“Hali,” alisema Shibuda, kama anaonja neno. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa anachota mavi kwa debe, amevaa shati la posa. “Haya. Wiki mbili.”

Wiki mbili zilipokwisha, Evaristi alirudi kuomba nyingine mbili. Shibuda akatoa. Zilipokwisha hizo aliomba tena, na hapo Shibuda hakusema ndiyo wala hapana, aliingia ndani. Evaristi alichukulia kwamba ni ndiyo. Watu wanaopewa kimya huwa wanachagua wenyewe kilichomo.

Mwishoni mwa Februari yule mweusi alianza kukonda. Manyoya yakasimama, macho yakawa na maji, akawa anakaa nyuma ya wenzake. Wiki iliyofuata walikuwa sita wa namna hiyo. Dawa ya sindano ya ng'ombe ilikuwa inapatikana Biharamulo kabla ya vita. Sasa Biharamulo kulikuwa kumebaki kabati lake tu. Bernadetha alimchoma mmoja dawa ya watu, kwa huruma, naye akafa kama wengine. Ng'ombe waliokuwa wametawanywa kwenye nyumba kumi na moja ili wasife pamoja walikuwa pamoja, na mbung'o hakupata shida ya kuwatafuta.

Siku redio ilipotangaza kwamba Kampala imeanguka, Nyakahura ilicheza ngoma mpaka barabarani, madereva wakashuka kucheza nayo. Kwa Shibuda walikuwa wanachuna wa kumi na tisa.

Walipoacha kufa, walibaki wanane. Shibuda aliwagawa siku moja, wawili wawili, nyumba nne, na Rozalia akapokea wa kwake bila kuambiwa mara mbili. Zizi likabaki na alama za kwato zilizokauka kwenye tope. Mwezi wa Mei moto wa zahanati ulififia, ukawa wa dakika kumi, ukawa wa dakika moja, halafu Bernadetha akawa anafungua bomba, anasikiliza, anafunga.

Bwana Mipango alifika katikati ya Juni, juu ya lori la mahindi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuimbiwa. Alitazama jiko, akafungua bomba mwenyewe, akapiga kiberiti. Kiberiti kikawaka peke yake mpaka kikamuunguza kidole.

“Moto uko wapi?”

“Ulikuwepo, bwana,” alisema Evaristi. “Desemba, Januari, Februari, Machi. Kutwa nzima.”

“Nani aliuona?”

“Kijiji kizima.”

“Kijiji hakiandiki ripoti.”

“Mimi nimechemshia sindano miezi minne,” alisema Bernadetha. “Andika na hilo.”

“Mama nesi, nikiandika nilichoambiwa, kesho kila kijiji kitaniambia.” Hakuwa mtu mbaya. Aliandika alichokiona, akakausha wino kwa kupuliza, akawaambia pia kwamba nchi imetoka vitani na kila mtu anafunga mkanda, kwa hiyo wasishangae kama hata hicho kijiji kingine hakitapata kitu. Alikaa Nyakahura dakika ishirini, nyingi zikiwa za kungoja lori.

Evaristi alitoka hapo akaenda kwa Shibuda, kwa sababu ilikuwa lazima mtu amwambie. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anasuka kamba.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

Zamani baada ya marahaba alikuwa anaulizwa ameamkaje, mke hajambo, kwenu mvua imefika. Evaristi alingoja. Kamba iliendelea kusukwa. Akaeleza habari za Bwana Mipango zote, amesimama, na alipomaliza Shibuda alikata ncha ya kamba kwa meno, akaanza nyingine. Hakumtukana, hakumdai, wala hakumtaja kwa mtu. Nshoma ndiye aliyemtolea maji ya kunywa, na kikombe kiliporudishwa alikisuuza mara mbili.

Ile nyumba ya posa ilituma jibu wiki hiyo hiyo. Karakana waliyoingoja imekwenda na lori la mahindi, na binti bado mdogo. Alikuwa ameongeza miezi sita tangu ile Desemba alipokuwa mkubwa.

Vijana watano walimfuata Evaristi nyumbani. Hawakuja kwa shari. Walikaa kwenye matofali yaliyobaki, na Bulugu ndiye aliyesema:

“Fundi, ulisimama juu ya benchi.”

“Nilisimama.”

“Basi tuajiri.”

Deodata alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua kichwa, lakini ungo ulisimama. Evaristi aliwatazama mmoja mmoja. Miaka miwili alikuwa amewafundisha kuchimba shimo, kupanga, kufunika, kuziba hewa na kujua wakati wa kuifungulia. Kwenye zahanati Bernadetha alikuwa anachemsha sindano kwa mabua ya mtama, mafuta ya taa hayakurudi madukani, na madereva waliokuwa wanarudi tupu kutoka mpakani walisimama kila siku kuuliza kama kuna chochote cha kupakia.

Kesho yake waliingia porini, upande wa hifadhi, wakiwa na mashoka matatu na futi ya chuma. Walikata miti mikubwa kwanza. Evaristi alipima tanuru, akaonyesha wapi pa kuacha tundu, udongo uwe unene gani, moshi ukibadilika rangi nani azibe. Halikubomoka hata moja. Ndani ya mwezi kila kijana alikuwa amepata fungu lake mkononi, kwa tarehe, kama watumishi, na wawili kati ya wale watatu waliokwenda na mgambo waliporudi walikuja kuomba nafasi wakapewa. Bulugu alipeleka posa upya.

Mavuno ya kwanza waliyapanga kando ya barabara, magunia ishirini na sita, yameshonwa kwa kamba ya mkonge. Gunia moja la mkaa lilikuwa shilingi kumi na mbili.